Kabaka Mutesa wa Kwanza: Mfalme Aliyefunga Ramadhani Kumi



Ramadhani iliyopita nilipewa kazi ya kuandaa maswali ya chemsha bongo ya jumuiya yetu, yale ya usiku baada ya tarawehe. Fungu moja la maswali nililitenga kwa ajili ya watawala mashuhuri na vifo vyao, kwa kuwa najua wenzangu wanapenda habari hizo. Mambo yalianza vizuri. Kabaka Suna wa Pili alikufa kwa ugonjwa gani? Ndui, mwaka 1856. Kabaka Mwanga alifia wapi? Visiwa vya Ushelisheli, mwaka 1903, alikopelekwa na Waingereza. Sir Edward Mutesa wa Pili? London, mwaka 1969, akiwa uhamishoni.

Kisha nikauliza: Kabaka gani alifunga Ramadhani kumi, na alikufa vipi?

Safu nzima ya wavulana ikapaza sauti: Kalema! Nikawaambia wamekosea. Kalema alikuwa Mwislamu kweli, tena ndiye Kabaka wa kwanza kutahiriwa, lakini utawala wake ulianza mwaka 1888 na mwaka 1890 alikwisha pinduliwa na kufa kwa ndui. Ramadhani kumi angezipata wapi? Ndipo dada mmoja wa mwaka wa kwanza akasimama upande wa akina dada, akajibu bila kusita kwamba ni Mutesa wa Kwanza, na kwamba alikufa kwa maradhi ya muda mrefu, Oktoba 1884. Nikampa alama zake. Lakini hakuketi. Akaniuliza kama mfalme huyo alikufa akiwa Mwislamu.

Kwenye karatasi yangu hapakuwa na jibu la swali hilo. Nilimwahidi kwamba nitasoma, kisha nitaandika katika jarida letu. Makala hii ndiyo deni langu kwake.

Tuanze na baba yake. Uislamu uliingia katika ikulu ya Buganda mwaka 1844, wakati wa Kabaka Suna wa Pili, kabla Mzungu yeyote hajakanyaga ardhi hii. Aliyeuleta ni mfanyabiashara wa Kiarabu aitwaye Ahmed bin Ibrahim, aliyefika kwa njia ya Tabora na Karagwe akifuata pembe za ndovu. Habari inayokumbukwa sana kumhusu ni ya siku alipomwona Suna akiamuru watu wauawe. Wakati watu wote wa baraza walikaa kimya, mgeni yule alisimama akamwambia mfalme kwamba watu hao wameumbwa na Mwenyezi Mungu, ambaye ndiye aliyemuumba yeye Suna na kumpa ufalme, na kwamba ni dhambi kubwa kuwaua bure. Suna hakumdhuru. Alishangaa, akataka kujua zaidi juu ya huyo Mungu, na akafundishwa baadhi ya sura za Qur'ani.

Naomba uliweke akilini neno hilo la Ahmed bin Ibrahim, maana litarudi.

Suna alipofariki mwaka 1856, kiti kilikwenda kwa kijana wake, mtoto wa Muganzirwazza. Alikuwa hata hajafikisha miaka ishirini, au ndiyo kwanza ameigusa, na machifu wengi walimdharau. Yeye akawajibu kwa upanga. Jina lake lilikuwa Mukaabya, yaani anayewaliza watu, na katika miaka ya mwanzo ya utawala wake watu walilia kweli. Baadaye akachukua jina la Mutesa, lenye maana ya mtu wa shauri, anayekaa na wenzake wakapatana. Mwingereza John Speke alipofika Februari 1862 alimkuta bado ni kijana, mwerevu, mwenye maswali mengi, na asiyejali uhai wa mtu. Speke ameandika kwamba alipompa bunduki, Mutesa alimkabidhi kijana wa ikulu mojawapo ikiwa imejazwa risasi, akamtuma akampige mtu uani ili ionekane kama inafanya kazi. Kijana akaenda, akarudi akicheka. Hakuna aliyeuliza jina la aliyekufa.

Mtu huyo ndiye aliyekuja kuupenda Uislamu.

Wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili walikuwa wameanza tena kuja kwa wingi, wakileta nguo, bunduki na karatasi. Mutesa aliwakaribisha, lakini alichokitaka kutoka kwao kilizidi biashara. Alijifunza Kiswahili akakizungumza. Alijifunza kusoma na kuandika herufi za Kiarabu. Alivaa kanzu na joho. Mwaka 1867 akaanza kufunga Ramadhani, na akaendelea hivyo kwa miaka kumi. Alianzisha hesabu ya miezi ya Kiislamu katika nchi. Alijenga msikiti ikuluni, akawaagiza machifu wajenge misikiti katika maeneo yao, na akaamuru watu wasalimiane kwa salamu ya Kiislamu. Vijana wa ikulu wakawa wanafunzi, na waliofundishika wakawafundisha wengine. Katika Kiganda, neno la kusoma likawa ndilo neno la kufuata dini, na waumini wakaitwa wasomaji. Sisi tuliokuja chuoni kusoma tungefaa kulikumbuka jambo hilo: katika nchi hii, darasa la kwanza la kalamu na karatasi lilikuwa darasa la Uislamu, na lugha iliyosaidia kulifikisha ilikuwa Kiswahili.

Kuna jambo jingine alilolifanya ambalo kwa Waganda wa wakati ule lilikuwa zito kuliko msikiti. Desturi ya kale ilikuwa kwamba Kabaka akifa, mwili wake unazikwa mahali pamoja, na taya lake linatolewa, linapambwa, linawekwa katika nyumba yake maalumu na kuhudumiwa, kwa imani kwamba roho yake imebaki nalo. Mutesa, baada ya kusikia mafundisho ya Kiislamu kuhusu kumheshimu maiti na kuhusu siku ya kufufuliwa, alianza kuiacha desturi hiyo. Mifupa ya baadhi ya wazee wake waliomtangulia aliirudisha kaburini ikazikwa pamoja.

Basi ukisimamia hapo utasema: Alhamdulillah, huyu alikuwa mfalme wetu. Hata mimi nilitamani kusimamia hapo. Lakini maisha yake hayakuishia hapo.

Tatizo la kwanza ni namna alivyoutangaza Uislamu. Aliutangaza kama mfalme anavyotangaza kodi. Kila nyumba ilitakiwa ionyeshe alama ya swala, na jiwe likawekwa mbele ya mlango. Watu wa mfalme walipita kukagua, na walioonekana hawaifuati dini ya Kabaka walikamatwa, wengi wakauawa. Matokeo yake unaweza kuyakisia. Wapo walioswali kwa kumwogopa Allah, na wapo walioweka jiwe mlangoni kwa kumwogopa Mutesa. Kwa macho ya mkaguzi, nyumba zote mbili zilifanana.

Tatizo la pili ni kwamba mwenyewe hakutahiriwa. Mila ya Buganda ilikataza kumwaga damu ya Kabaka, na machifu walimwonya kwamba akitahiriwa atakipoteza kiti. Kwa hiyo akafunga, akaswali, akafundisha, akachinja, lakini jambo hilo moja akaliacha. Miaka kadhaa watu walinyamaza.

Mambo yakabadilika mwaka 1875 na 1876. Wakati huo Khedive Ismail wa Misri alikuwa akisukuma mipaka yake kusini kufuata Mto Nile, na Jenerali Gordon, Mwingereza aliyemtumikia, alitaka kuifikia Buganda. Mutesa alikuwa na kila sababu ya kuogopa. Aprili 1875 alifika Henry Stanley, aliyemsifia Ukristo na kuandika barua iliyochapwa magazetini Uingereza, akiomba wamisionari waje. Mutesa alimpokea vizuri kwa kuwa alitafuta rafiki mwenye bunduki wa kumkinga na Misri. Mwaka uliofuata kikosi cha askari wa Misri kilikuwa kimepiga kambi karibu na ikulu yake. Na pamoja na watu hao wa kaskazini walikuja Waislamu wenye elimu zaidi ya wafanyabiashara wa pwani.

Walimu hao waliona makosa wakayasema. Walisema msikiti wa ikulu haukuelekea kibla sawasawa. Walisema asiyetahiriwa hafai kuwa imamu wa waliotahiriwa. Vijana wa ikulu, wale wale waliofundishwa dini kwa amri ya Mutesa, walisikiliza na kuyachukua maneno hayo kwa uzito. Wakaacha kuswali nyuma yake. Wakakataa kula nyama iliyochinjwa na watu wa mfalme wasiotahiriwa.

Hebu fikiri, ndugu msomaji. Hawa walikuwa vijana wa umri wetu, na wengine wadogo kuliko sisi. Chakula chao, nguo zao, cheo chao cha kesho na uhai wao wa leo vilikuwa mkononi mwa mtu mmoja. Walikuwa wamemwona akiua kwa mambo madogo. Hata hivyo sahani ilipowekwa mbele yao hawakuinyoshea mkono.

Kwa Mutesa hilo halikuwa suala la nyama. Aliona ufalme wake umepingwa ndani ya nyumba yake, tena na watoto aliowalea, wakati jeshi la Waislamu wa Misri liko mlangoni. Machifu walioshikilia mila waliuongeza moto huo. Amri ikatoka. Mwaka 1876 vijana wapatao sabini walipelekwa Namugongo wakachomwa moto, na Waislamu wengine waliuawa sehemu nyingine za nchi.

Hapa ndipo nililikumbuka lile neno la Ahmed bin Ibrahim. Mwaka 1844 mgeni alisimama mbele ya Suna akasema kwamba Mungu yuko juu ya mfalme, na Suna asiyekuwa na dini hiyo akamwacha hai. Miaka 32 baadaye vijana walisema neno hilo hilo mbele ya Mutesa aliyefunga Ramadhani kumi, wakauawa. Mutesa alitaka watu wamwogope Mungu, lakini hakuweza kuvumilia kuona wanamwogopa Mungu kuliko yeye.

Kuanzia hapo mfalme huyu hakutulia tena. Wamisionari wa Kiprotestanti walifika Juni 1877, akawasikiliza. Mapadri wa Kikatoliki wakaja Februari 1879, akawasikiliza nao, akifurahia kuwasikia makundi hayo mawili yakibishana barazani. Alituma wajumbe watatu mpaka Uingereza kwa Malkia Victoria. Wakati huo afya yake ilikuwa imeharibika. Alipata maradhi ambayo hayakuponyeka, akawa mara nyingi anashindwa kutoka, na baraza likawa linamngoja. Alijaribu dawa za Wazungu na dawa za nyumbani. Desemba 1879 alimpokea ikuluni kwa heshima kubwa mganga wa Mukasa, mzimu wa Ziwa Nyanza, akitumaini kupona. Mwezi huo huo yeye na machifu wake walitangaza kwamba hawaitaki dini ya Waarabu wala ya Wazungu, na kwamba wanarudi kwenye ya mababu.

Mukasa hakumponya. Aliendelea kudhoofika kwa karibu miaka mitano. Oktoba 1884 alifariki katika ikulu yake ya Nabulagala, kilima tunachokiita leo Kasubi, baada ya kutawala miaka 28. Hakuwa mzee; alikuwa bado hajafika miaka hamsini. Suna alikufa akiwa safarini kutoka vitani, Kiweewa aliuawa baada ya kupinduliwa, Mwanga alifia kisiwani mbali na watu wake. Mutesa alifia nyumbani kwake, kitandani, akiwa bado Kabaka, jambo ambalo watawala wengi wa zama zile walilikosa.

Na alizikwa vipi? Hili ndilo lililonishangaza kuliko yote. Mwili wake haukukatwa taya. Alizikwa mzima, ndani ya ikulu yake mwenyewe, tofauti na Makabaka wote waliomtangulia. Alikuwa ameiacha swala, ameiacha Ramadhani, amewaua waliomkumbusha. Lakini fundisho lile moja kuhusu maiti na kufufuliwa lilibaki naye mpaka kaburini. Leo nyumba ile ya nyasi ya Kasubi inajulikana dunia nzima. UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Iliungua Machi 2010, nchi nzima ikalia, ikajengwa upya. Wamezikwa hapo Mutesa, Mwanga, Daudi Chwa na Mutesa wa Pili.

Nilikwenda Kasubi kwa miguu siku moja baada ya mitihani, kwa kupitia Nakulabye. Si mbali na Makerere. Nilisimama uani nikiitazama ile paa kubwa, nikafikiri kwamba kila mtoto wa shule Kampala ameletwa hapa angalau mara moja. Wiki iliyofuata nilipanda teksi mpaka Kyaliwajjala, kisha boda mpaka Namugongo. Nako kunajulikana. Kila tarehe 3 Juni mamilioni ya Wakristo hujaa pale kuwakumbuka mashahidi wao, waliochomwa na Mwanga mwana wa Mutesa mwaka 1886, na siku hiyo ni sikukuu ya taifa. Ishirini na wawili kati ya wale wa Kikatoliki walitangazwa watakatifu mwaka 1964, na watoto huyajua majina yao kwa moyo. Siwaonei wivu, maana wamewatunza watu wao. Ila nilijiuliza ni wangapi kati yetu, wanajumuiya wa chuo, wanaweza kueleza kwamba Waislamu walichomwa Namugongo miaka kumi kabla yao. Katika chemsha bongo yangu niliuliza kuhusu vifo vya wafalme sita. Kuhusu vijana wale sabini sikuandika hata swali moja.

Sasa nirudi kwa dada yetu na swali lake. Alikufa akiwa Mwislamu?

Kwa yale yaliyo wazi, Mutesa aliiacha dini hadharani mwaka 1879, na hakuna siku inayojulikana aliyosimama barazani akatangaza kurudi. Hiyo ndiyo historia. Yaliyokuwa moyoni mwake usiku wa mwisho, kati yake na Muumba wake, si yetu kuyahukumu, na haitusaidii kitu kubishana juu yake. Namkumbuka Najashi wa Habasha, mfalme aliyewahifadhi Waislamu wa kwanza waliokimbilia kwake. Naye alizungukwa na machifu wasiotaka kusikia habari ya dini mpya, na alipokufa Mtume (s.a.w.) alimswalia akiwa Madina. Tofauti ninayoiona kati ya wafalme hao wawili ni hii: waumini walipokuwa chini ya mkono wa Najashi, aliutumia mkono huo kuwakinga.

Nadhani swali zuri zaidi kwetu si lile la mwisho wa Mutesa, ni la mwaka 1876. Wengi wetu tutatoka hapa tukiwa mawakili, madaktari, walimu, mameneja, na wengine wabunge. Hata sasa wamo wenye vyeo katika jumuiya, wanaoongoza swala, wanaoshika fedha za futari. Ni rahisi kuwahimiza watu dini wakati kila mtu anakuitikia. Mtihani unakuja siku mdogo wako, mwanafunzi uliyemfundisha wewe mwenyewe alif na be, anapokuja kukwambia kwa adabu kwamba hapa, kiongozi, umekosea kibla. Mutesa alikuwa na akili, alikuwa na elimu ya zama zake, alikuwa na Ramadhani kumi. Siku hiyo alishindwa.

Na ufalme wake haukuwa ndio uliouhifadhi Uislamu Buganda. Uliendelea kwa wale waliobaki wakisoma kimyakimya, na kwa watu kama Nuhu Mbogo, ndugu yake Mutesa, aliyewaongoza Waislamu katika miaka ya vita na unyonge bila kuwa Kabaka, akapelekwa Zanzibar mwaka 1893, akarudi, akawa nao mpaka alipofariki mwaka 1921. Mwanawe Badru Kakungulu ndiye aliyetoa ardhi ulipojengwa msikiti wa Kibuli, ambao wengi wetu tumeswali ndani yake. Mawe yaliyowekwa milangoni kwa hofu hayapo tena. Swala ipo.

Ramadhani ijayo, insha'Allah, kama nitapewa tena kazi ya maswali, fungu la watawala na vifo vyao litakuwepo. Ila nitaongeza swali moja: ni vijana wangapi Waislamu waliochomwa Namugongo, mwaka gani, na kwa kosa gani? Jibu umekwisha lisoma. Alama zitakuwa mara mbili.

Mwenyezi Mungu awarehemu vijana wale, awape malipo ya mashahidi, na atujaalie sisi tuwe wa kusikia tunapokumbushwa. Amin.